Nissan wanafunga viwanda 7, lakini kwenye bondi yetu (yadi ya kuuza magari) hatuachi kuagiza Nissan. Sababu ni hizi

MtotoWaBondi (Kampala)

Wadau habarini. Huu uzi niko nao kichwani muda mrefu, na leo mvua imetufungia ofisini tangu saa tano, hakuna mteja anaingia, wacha niandike yote.

Kwetu familia nzima tunauza magari. Mzee alianza miaka ya tisini, analeta gari moja moja kupitia Dubai, anauza, anarudi tena. Sahii tuko na bondi upande wa Nakawa, mama ndo anashika vitabu vya pesa, kaka mkubwa yuko mpakani Malaba anayatoa magari forodhani, mimi niko hapa na wateja. Sisi ni watu wa Busia ndo maana Kiswahili tunakiongea mpaka mezani. Na pale uwanjani kwetu kila magari kumi, matatu ni Nissan. Kampala hii si kawaida, huku mtu akisema gari anamaanisha Toyota, Premio ama Fielder, na mwenye pesa kidogo anataka Kawundo, yaani Harrier.

Sasa tangu Mei 2025 simu haipumziki. Wateja wananiuliza "Nissan inakufa?" Broka mmoja tunajuana miaka mingi alikuja akanivuta pembeni kabisa akaniambia shusha bei, maliza hizo Nissan kabla jina halijaoza. Simlaumu maana habari zenyewe ni nzito. Tarehe 13 Mei 2025 kampuni ilitoa hesabu za mwaka, hasara yen bilioni 670.9. Siku hiohio wakatangaza mpango wanaouita Re:Nissan: wafanyakazi 20,000 wanaondoka, viwanda vinatoka 17 vinabaki 10 ikifika mwaka wao wa hesabu wa 2027. Kabla ya hapo Desemba 2024 walikua wanaongea na Honda waungane, Februari ikavunjika, Honda ilitaka Nissan iwe kampuni ya chini yake na wao wakakataa. Aprili akaingia bosi mpya, Ivan Espinosa, mtu wa Mexico, Makoto Uchida akatoka. Julai wakasema Oppama, kiwanda cha tangu 1961, kitaacha kuunda magari. Novemba wakauza hata jengo lao la makao makuu pale Yokohama, yen bilioni 97, afu wao wenyewe wakabaki humohumo kama wapangaji kwa miaka 20.

Ukisoma hivyo vyote kwa mpigo unaona mtu anayeuza ng'ombe leo, kesho anauza shamba, keshokutwa anauza mabati ya nyumba. Mimi nimesoma neno kwa neno na sikuona hivyo, na sababu ni Mzee.

1999 nilikua mtoto lakini nakumbuka vizuri. Mzee alikua na Sunny mbili uwanjani, nyeupe zote, zikakaa mpaka matairi yakaanza kupasuka pembeni kwa jua. Watu walikua wanasema hayohayo ya leo, Nissan kwisha. Na ilikua karibu kwisha kweli, mwaka ule wa hesabu wa 1999 walipata hasara ya yen bilioni 684. Angalieni hio namba jamani, 684 ile na 671 ya juzi, ni shimo karibu lilelile. Renault ya Ufaransa ilikua imenunua 36.8% ya kampuni na kumtuma Carlos Ghosn, na Oktoba 1999 Ghosn akasoma mpango wake: watu 21,000 wanaondoka, viwanda vitano vinafungwa, na tusipopata faida ndani ya mwaka wa hesabu wa 2000 naachia kiti. Mwaka huo wakapata faida ya yen bilioni 331. Yaliyomkuta Ghosn baadae, kukamatwa 2018 na kutorokea Lebanon, hayo ni yake, lakini kampuni ilisimama tena.

Na hapa ndo nataka mnisikilize. Katikati ya makato yale, mwishoni mwa 2000, Nissan wakatoa X-Trail ya kwanza, hii tunaiita T30, ile yenye geji katikati ya dashibodi. Hao watu walikua wanafunga kiwanda cha Murayama na huku wanatengeneza gari jipya. Gari lile likafika Kampala miaka kadhaa baadae, na ndo lililonilipia karo ya sekondari toka S.1 mpaka nimalize. Mzee alikua na namna yake ya kuliuza, hamwambii mteja kitu, anamfungulia mlango wa dereva, anamwacha akae kwanza peke yake, mtu atashangaa geji ziko wapi, atazitafuta, akizipata anacheka, na Mzee anajua hapo tumeuza.

Sisi Uganda hatuuzi Nissan ya leo. Tunauza Nissan waliyoiunda miaka nane, kumi, kumi na mbili iliyopita. Tangu ile sheria ya 2018 gari la miaka 15 kwenda juu haliingii kabisa, na likizeeka kodi ya mazingira nayo inapanda, kwa ivo dirisha letu ni hilohilo. Maana yake wanachokata Yokohama sahii ni stoku yangu ya 2034. Na yale magari niliyonayo leo uwanjani hayajui kama kuna hasara, yaliundwa zamani, injini ni ileile. Mtu anayekimbia X-Trail ya 2014 kwa sababu ya hesabu za 2025 anakimbia kivuli.

Kitu kimoja kwenye mpango wao kilinifurahisha kuliko vyote na hakuna aliyekitangaza huku kwetu. Wamesema watapunguza wingi wa aina za vipuri kwa 70%, na zile pleti za chini wanazojengea magari zitoke 13 zifike 7. Aliyewahi kutembea soko la spea la Kisekka nzima na spea mkononi, kila duka anaambiwa hii si ya T31 (X-Trail iliyofuata T30) hii ni ya Nissan Dualis, anajua hio ni baraka ya namna gani.

Nimemaliza. Mimi nina imani na hawa watu. Aliye na hoja aje.

FundiWaNdeeba

Kaka heshima kwako na kwa Mzee, lakini imani haifungui gia boksi. Mimi ndo nalala chini ya hayo magari. T30 ilikua chuma, otomatiki ya gia nne, unamwaga oili unaweka ingine unaenda. Kuanzia T31 wakatuletea CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na gia, na hapo ndo Nissan walipoteza Kampala, si kwenye hesabu zao za yen. Hata Marekani ilibidi wenyewe 2009 waongeze warranti ya hizo CVT hadi miaka 10 ama maili 120,000, kampuni haifanyi hivyo kama hakuna kitu. Na ile injini ya MR20 plagi ziko chini ya manifoldi ya hewa, kubadilisha plagi nne unafungua nusu ya injini, mteja akisikia bei ya leba anadhani namwibia.

Hizo spea kupungua 70% ni za magari yatakayoundwa. Mimi nahudumia yaliyokwisha kuundwa.

MtotoWaBondi

Fundi umegusa penyewe na siwezi kukubishia kwamba CVT iliwaharibia jina. Ila nikueleze kitu kilitokea kwetu.

Tulimuuzia mama mmoja mwalimu X-Trail T31, safi, kilomita chache. Baada ya miezi minne analia kwenye simu, gari halipandi mlima, linanguruma tu sauti inapanda spidi haipandi. Nikaenda mwenyewe. Nikavuta dipstiki ya gia boksi, oili nyekundu, nikanusa, inanuka kama mkate ulioungua. Nikamuuliza nani alifanya sevisi, akanitajia gereji (sitaitaja), nikaenda nikaulizia waliweka oili gani. Waliweka ATF ya kawaida, oili ya otomatiki za gia, ileile wanayoweka kwenye Premio kuukuu. T31 inataka NS-2, oili ya CVT ya Nissan. T32, X-Trail iliyofuata, inataka NS-3. Humo ndani hakuna gia fundi, wewe unajua kuliko mimi, kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na ile oili ndo inayoufanya mkanda ushike bila kuteleza. Ukiweka oili isiyo yake mkanda unateleza, chuma kinakula chuma, unga wa chuma unaingia kwenye valvu, kwisha.

Yule mama tulimsaidia nusu ya gharama, Mzee aliamua, akasema tulimuuzia gari hatukumuuzia maneno yake. Tangu siku hio kila Nissan inayotoka kwetu ina stika ndani ya boneti, herufi kubwa kwa rangi nyekundu, NS-2 ama NS-3, na nampa mteja dumu moja mkononi aende nalo nyumbani. Malalamiko ya gia boksi yamepungua sana. Sisemi yameisha.

FundiWaNdeeba

Hio ya stika nimeiheshimu. Laiti bondi zote zingefanya. Mimi mwenyewe kila wiki naletewa CVT iliyopikwa na mtu aliyeweka oili kwa kuangalia rangi.

AkauntiMbale

Naomba niongee kama mtu wa hesabu. Kaka yangu unalinganisha 684 na 671 kana kwamba ni ugonjwa uleule. Si uleule. 1999 kulikua na mtu wa nje mwenye pesa, Renault alileta kama dola bilioni 5.4, ndo maana Ghosn alikua na ubavu wa kukata. Safari hii Nissan amemkataa Honda, na Renault mwenyewe anapunguza hisa zake polepole. Nani anaingiza pesa? Ndo unaona wanauza jengo. Pili, 1999 hakukua na Mchina. Leo pale Uchina alikokua anauza magari mengi kabisa, BYD na wenzake wamemla. Kukata gharama kunasimamisha damu, hakumlishi mgonjwa. Gari jipya ndo chakula.

Mtu akiniletea hesabu hizi pale ofisini anataka mkopo nitamuuliza swali moja tu, ukimaliza kukata utauza nini?

MtotoWaBondi

Dada hoja yako ni nzito kuliko zote nilizopata mpaka sasa, na kwenye pesa ya nje nakubali, sikuipima vizuri nilivyoandika. Lakini swali la utauza nini nalijibu. Wamesema gari la kwanza la familia mpya wataliunda kwa miezi 37 na yanayofuata miezi 30. Mkifuatilia habari za magari mnajua kwamba kutengeneza gari jipya kampuni za zamani hukaa miaka minne mitano, na Mchina anawapita hapohapo, kwenye muda. Kama kweli watafika miezi 30 basi wamejua ugonjwa uko wapi. Mgonjwa anayejua panapouma ana nafuu.

Na e-Power yao wameshaijua tangu Note ya Novemba 2016, injini ya petroli inachaji tu, mota ya umeme ndo inasukuma matairi, hakuna hata hio CVT ya kugombania. Hizo Note zimeanza kuingia kwa dirisha letu sahii. Nimeendesha moja kutoka Jinja usiku, mlima wa Mabira unapanda kama umesukumwa na mtu, kimya kabisa.

LoriLaTororo

Vijana salamu. Mimi ni mzee wa malori, nimekula barabara ya Mombasa miaka 30. Mnaongelea Nissan lakini mfano mzuri ni GM. Tarehe 1 Juni 2009 GM ya Marekani iliingia mahakamani kufilisika, serikali ya Obama ikaishika mkono, tarehe 10 Julai ikatoka kampuni mpya. Siku 40 tu. Kila mtu alisema imepona na ni kweli ilipona, mpaka leo inapata faida. Lakini mwulize yule familia ya muuza magari wa Pontiac. Pontiac ilikufa. Saturn ikafa. Hummer ikafa. Saab ikauzwa nayo ikafia mbele. Chrysler mwaka uleule iliwakatia mikataba mawakala 789 kwa mpigo, watu waliorithi duka toka kwa babu, wanapata barua wana wiki chache za kumaliza magari.

Na huku kwetu? Kampuni ilipona, 2017 ikafungasha. Ikaondoka Afrika Kusini, ikauza hisa zake 57.7% pale Nairobi kwa Isuzu, General Motors East Africa ikawa Isuzu East Africa. Malori yakaendelea kuundwa maana yalikua Isuzu tangu zamani, sisi madereva hatukuona tofauti. Lakini nakuambia mwanangu, kampuni kupona na kampuni kukukumbuka wewe ni vitu viwili. Nissan yenyewe ile pikapu ndogo ya NP200 iliyokua inaundwa Rosslyn Afrika Kusini wameacha 2024. Usiweke mayai yako kwenye imani ya Yokohama.

MtotoWaBondi

Mzee wangu asante sana, nimesoma hii mara tatu. Ya mawakala 789 nilikua siijui kwa undani na imenikaa rohoni kwa sababu najiona mimi pale, mama yangu na vitabu vyake anapata barua. Tofauti yetu sisi hatuna mkataba na Nissan. Hakuna wa kutuandikia barua. Tunanunua mnadani Japani, gari liko chini ya mtu binafsi tayari, wakikata Afrika yote leo bado wazee wa Nagoya watauza X-Trail zao na meli itazileta. Kinachoweza kutuumiza ni spea na ni jina. Spea nyingi tunazotumia hazitoki kampuni, zinatoka Dubai na Uchina na magari yaliyokatwa. Jina ndo la kuliombea.

Nyasaland_hapana_WestNile

Wote mnahesabu magari. Watu elfu ishirini mbona hamna aliyewataja zaidi ya mstari mmoja? Baba yangu alikua kiwanda cha nguo Jinja, kilivyofungwa tulirudi Arua na godoro mbili. Mimi nikisikia "kujipanga upya" tumbo linauma. Huko Oppama kuna mtu ameunganisha milango miaka 25, sasa anaambiwa nenda Kyushu ama tafuta kwingine. Mwenye uzi sema tu unafurahi gari lipo lakini usiite habari njema.

MtotoWaBondi

Pole sana kwa hilo la nyumbani. Umeniambia kweli na napokea. Sikutaka kuiita habari njema kwao. Kazi ya Oppama inahamia kiwanda cha Kyushu, ni mwisho mwingine wa Japani, mtu mwenye watoto shuleni hahami hivihivi. Ninachoamini ni kwamba kampuni ikifa kabisa wanaoenda nyumbani si 20,000, ni wote, na walioko nyuma yao wanaouza boliti na viti. Lakini aliyekatwa haponi kwa hesabu hio, najua.

MtejaMpya_Mukono

Samahani kuingilia watu wakubwa. Nina milioni 35, familia ya watu watano, naishi juu kwenye vumbi. Nichukue X-Trail ama nikae kwa Toyota? Nimesoma uzi wote sasa nimechanganyikiwa zaidi.

MtotoWaBondi

Ndugu yangu usichanganyikiwe. Ukipata T32 nzuri kwa hio pesa angalia hivi, hata kama si kwangu. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Washa, weka D, kaa na breki dakika moja usikilize, ikitetemeka sana acha. Endesha angalau nusu saa ipate moto kwanza, afu tafuta mlima mrefu, kanyaga taratibu kisha kwa nguvu. Sauti ikipanda na gari likabaki palepale, rudisha ufunguo usibishane bei. Mwambie fundi wako asome kodi za hitilafu (fault codes) kwa mashine hata kama taa haiwaki. Ukiona oili ya gia ni nyeusi ondoka. Na kama huko kwenu hakuna fundi anayeijua CVT, chukua Toyota, nasema hivi mimi muuza Nissan. Gari bila fundi karibu ni mzigo.

FundiWaNdeeba

Hapo umesema. Ongeza moja, aangalie radieta na kipoza oili, vumbi la Mukono likiziba pale CVT inachemka.

MtotoWaBondi

Wadau narudi, ni jioni. Mzee alipita bondi kuchukua hesabu nikamsomea uzi wote, yeye macho hayamruhusu simu. Alikaa kimya mpaka kwa yule wa Tororo, hapo akasema "huyo ni mtu wa barabara, msikilize". Kwa dada wa Mbale akauliza kama ameolewa, nikamwambia Mzee hapa ni mambo ya magari.

Afu tukakaa na kaka kwenye simu kupanga oda ya meli inayofuata. Nilikua nataka Nissan tano kati ya kumi na mbili. Mama akasema tatu. Mzee akaamua nne: X-Trail T32 mbili, Note e-Power moja tuone soko linaipokeaje, na Caravan moja ya mteja wa Gulu ambaye ameshalipa dipoziti. Pesa ya ile ya tano tunaagiza katoni za NS-3 na vichujio vya CVT, tuviweke dukani mbele, tuwauzie hata wasionunua gari kwetu. Hilo la oili lilikua wazo la Mzee.

Fundi wa Ndeeba nakuja Jumanne na stika za kukuachia, nimechapisha mia mbili.